Ukaguzi wa Nyumba ya Mma Ramatu

Barua ilisema kwamba mkaguzi angefika baada ya siku mbili, muda ambao katika mji wa Tamale, kaskazini mwa Ghana, unamtosha kabisa mtu mwenye majirani wema kutajirika.

Sanatu hakuliwaza hilo. Alikuwa mwanafunzi wa kemia, mwaka wa pili, na tangu mvua za kwanza alikuwa ameandika barua kumi na mbili za kuomba ufadhili. Mfuko mmoja uliwataka wajukuu wa wakulima wa kakao, zao ambalo kaskazini hujulikana kwa kuonekana dukani. Mwingine uliwataka watoto wa wachimba dhahabu. Wa tatu uliisifu sayansi kurasa mbili nzima, kisha ukaeleza kuwa unasomesha wanasheria. Barua za kukataliwa alizipanga kwa tarehe, kama alivyopanga matokeo ya maabara, na kila ilipoingia moja aliandika nyingine. Mfuko wa kumi na mbili uliridhika na alama zake, ukabakiza swali moja: je, familia ni maskini? Jibu lingetoka machoni mwa mkaguzi. Ufadhili ukikosekana, jina la Sanatu lingefutwa chuoni mwisho wa mwezi.

Alipoingia chumbani kwa mama yake asubuhi ya ukaguzi, alidhani amekosea mlango. Palikuwa na makochi mawili ya fundi cherehani, friji ya Azara wa ng'ambo ya ua, na viti sita vya plastiki vilivyoandikwa mgongoni jina la chama cha mazishi. Ukutani mabakuli ya enameli yenye maua yalikuwa yamerundikwa hadi karibu na dari, kama inavyompasa mke aliyeolewa kwa heshima. Mama yake, Mma Ramatu, alikuwa amekwisha kuchinja kanga wawili.

"Mama, huyu mtu anakuja kutafuta umaskini."

"Akautafute kwingine. Kwangu mgeni haketi chini."

Sanatu alimweleza habari za fomu, taratibu, kama anayemfundisha mtoto hesabu. Mma Ramatu akajibu kwamba marehemu mumewe hakuwahi kudharauliwa na mgeni, na hatadharauliwa sasa kwa sababu ya karatasi. Wakiwa bado wanabishana, mkaguzi akapiga hodi. Alikuwa Bwana Abukari, mwalimu mstaafu, na kama wastaafu wote alikuwa amewahi kwa saa nzima.

Alipewa maji, akanywa, maana haja haisemwi kabla ya maji. Kisha akahesabu. Makochi mawili, friji moja, viti sita, mabakuli sitini na manne. Chini ya hayo akaandika sentensi moja fupi, akaifunika kalamu.

"Binti, nitakwambia kweli. Wiki hii nimeingia nyumba zisizo na milango. Ninyi mna friji."

"Nipe nusu saa, mzee," alisema Sanatu. "Uje nami, na hiyo fomu uje nayo."

Kochi la kwanza alilibeba kichwani. Alivuka ua mchana kweupe, mbele ya kila aliyekuwa na macho, na mlangoni kwa fundi akalitaja kwa jina la mwenyewe, kwa sauti ya mtu anayesoma vipimo. Mkaguzi akakata mstari. Sanatu akalirudia la pili. Viti sita vikaenda kwa mweka hazina wa mazishi, aliyevipokea bila kushangaa, kwa kuwa kazi yake ilikuwa imemzoesha mabadiliko ya ghafla. Friji ilihitaji watu wawili, na mwenyewe akaja kushika upande wake.

"We Sanatu, hata haijapata baridi mnanirudishia?" alisema Azara. "Utajiri wenu umeshindwa kufika adhuhuri."

"Utajiri umechoka mapema, dada. Shika vizuri."

Muda wote huo Mma Ramatu alikuwa ndani, mtandio umemfunika uso. Sanatu aliuona mtandio ule kila aliporudi kuchukua kitu, na kila mara alichukua kitu kingine.

Chumba kikabaki na mkeka, kitanda, na ule ukuta wa maua. Bwana Abukari aliutazama kwa haya kidogo. Alisema kwamba mabakuli, bila shaka, ni ya mama mwenyewe, ni mali ya ndoa, na mali haina budi kuandikwa. Tangu utoto wa Sanatu mabakuli yalikuwa pale.

"Hayo pia si yangu," alisema Mma Ramatu.

Aliondoa mtandio usoni. Alieleza kwamba mabakuli ni ya dada yake wa mtaa wa Sakasaka, yameletwa jana kwa mkokoteni baada ya giza. Yake yalikwenda sokoni: ishirini kwa muhula wa kwanza, kumi na tano kwa wa pili, na yaliyosalia kwa koti jeupe la maabara na vitabu. Binti alipokuwa akirudi likizo, ya dada ndiyo yaliyompokea.

Sanatu aliketi mkekani. Mkaguzi alikata mstari wa mwisho, kisha akaikata na ile sentensi yake, akatia sahihi pembeni ya mkato kama kanuni inavyodai. Akamsomea mama tamko la kutia kidole: kwamba kaya hii haina kitu.

"Hilo sitii kidole," alisema Mma Ramatu. "Usiandike sina. Andika nimeuza."

"Mama, fomu haina nafasi ya neno hilo," alisema mkaguzi.

"Iandikie nafasi. Mwanangu alikuwa anasoma. Mimi nilikuwa nauza. Mfuko wako ukisoma kwamba sina, utadhani nilikuwa nimekaa."

Bwana Abukari alimgeukia Sanatu, akitarajia kwamba msomi angemtuliza mama yake.

"Andika alivyosema," alisema Sanatu. "Ishirini, kisha kumi na tano. Yaliyobaki atakutajia."

Mzee akafungua kalamu. Pembeni pa ukurasa hapakutosha. Akaigeuza karatasi, na Mma Ramatu akaanza upya, bakuli la kwanza, polepole, ili lisirukwe hata moja.