Alasiri Moja ya Enos Trumbauer katika Ligi Kuu

Mabibi na mabwana, simameni, vueni kofia, na anayetafuna karanga aache. Sasa inasimuliwa safari ya Enos Trumbauer katika ligi kuu ya besiboli ya Amerika, safari ya jasho, vumbi na utukufu, iliyoanza baada ya chakula cha mchana na kwisha kabla ya chakula cha jioni.

Haya, kaeni. Karanga ruksa.

Enos alishuka kwenye garimoshi mjini Port Harmon asubuhi moja ya Septemba, gongo lake la kupigia mpira begani na soseji za mama yake kwenye mfuko wa karatasi. Kwao Pennsylvania walifuga nguruwe. Miaka minne alikuwa amecheza ligi ndogo, kwenye viwanja ambavyo ng'ombe walikuwa wakiondolewa kwanza ndipo mchezo uanze. Timu ya Port Harmon ilishika mkia msimu ule, lakini ulikuwa mkia wa ligi kuu, na Enos aliuingia uwanja wake kwa adabu ya mtu anayeingia kanisani.

Kocha Tierney, mzee mnene mwenye sauti ya kinu, alimpokea mlangoni.

"Sikia, kijana. Farley amekwenda kung'oa jino. Leo unacheza nafasi yake. Kesho Farley anarudi na wewe unarudi kwenu. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, Mzee. Nikipiga pigo safi, linaandikwa kwenye kitabu cha ligi?"

"Linaandikwa. Hata ukifa litabaki limeandikwa."

"Basi nitalipiga."

Tierney alimtazama kama mtu aliyeambiwa na bata kwamba kesho ataoa.

Pigo safi ni lile ambalo mpigaji anaupiga mpira, anakimbia, na kufika kituoni, kimoja kati ya vinne vya kuzungukwa uwanjani, akiwa salama kwa nguvu zake mwenyewe, si kwa sababu wapinzani wameboronga. Ukiwa nalo moja tu, wewe ni mpigaji wa ligi kuu mpaka kaburini. Ukilikosa, wewe ni mtu aliyewahi kuazimwa nguo za timu. Enos hakutaka kuwa mtu wa kuazimwa nguo.

Ila wachezaji wa zamani walikuwa na desturi yao. Mgeni haruhusiwi kufanya mazoezi ya kupiga, maana leo atapiga vizuri na kesho atakaa kwenye kiti chako. Enos alipousogelea mstari wa wapigaji, nahodha Whitlow, mrefu na mwenye uso wa mchimba makaburi, alimshika bega kwa upole.

"Dogo, foleni inaanzia kule," akasema, akionyesha lango la kutokea.

Enos aliporudi benchini alikuta gongo lake limekatwa kwa msumeno vipande vinne, vimefungwa pamoja kwa utepe mzuri mwekundu kama kuni za zawadi.

"Pole sana, Trumbauer," Whitlow akasema kwa huzuni. "Mchwa wa mji huu hawana huruma."

Benchi zima liliangua kicheko. Enos aliviinua vile vipande, akavichunguza ncha moja baada ya nyingine.

"Mchwa wenu mafundi kweli," akasema. "Wamekata sawasawa. Na utepe wamefunga wenyewe?"

Kisha akaenda kwenye pipa la taka, akachomoa gongo kuukuu lenye ufa, akaomba nyundo kwa mtunza uwanja, akaligongelea misumari midogo na kulizungushia utepe wa gundi. Hapo kicheko kikapungua kidogo.

Mchezo ukaanza. Zamu yake ya kwanza mipira mitatu ilimpita akiwa bado anaitafakari, akatolewa. Zamu ya pili aliupiga mpira juu sana, ukashuka taratibu mikononi mwa mpinzani aliyekuwa akipiga miayo, na mpira ukidakwa hewani mpigaji ametoka. Zamu ya tatu aliurushia gongo kwa nguvu zote, akaukosa, akazunguka kama pia na kukaa chini vumbini.

"Jamani, mleteeni kiti!" akapaza sauti Halloran, mlinzi wa kituo cha pili wa wapinzani, mfupi mwenye mdomo usiojua kupumzika. "Mgeni kachoka!"

"Trumbauer!" sauti ikatoka jukwaani. "Nguruwe wanakuulizia!"

Enos alisimama, akajikung'uta makalio, akarudi benchini bila kumtazama mtu.

"Bado moja, Mzee," akamwambia Tierney.

"Bado moja nini?"

"Zamu."

Ilipofika zamu yenyewe timu ilikuwa nyuma vibaya, na watazamaji wengi walikuwa wanatafuta kofia zao waondoke. Whitlow alisimama kando ya kituo cha kwanza, kazi yake ikiwa kuwaelekeza wakimbiaji, ingawa siku ile hakuwa amepata wa kumwelekeza. Mrushaji alitabasamu, akaurusha mpira wa kasi katikati kabisa, kwa dharau.

Enos aliupata.

Mlio wake uliwarudisha watu vitini. Mpira uliruka kati ya walinzi wawili wa nyuma ukaenda kugonga ukuta, na Enos akatoka mbio, shingo imegeuka, macho yameganda kwenye mpira. Akapita cha kwanza, akakata kona, akafika cha pili vumbi likimfuata. Uwanja ukalipuka. Hata aliyetaja nguruwe alipiga makofi.

Kisha Enos akahisi kitu kibaya kwenye unyayo wake. Yaani hakuhisi kitu, na huo ndio ubaya. Cha pili alikikanyaga. Cha kwanza je? Mguu wake haukukumbuka kabisa kukutana na kituo cha kwanza.

Sheria ni kwamba lazima ukanyage kila kituo kwa zamu yake. Ukiruka kimoja, mwamuzi hasemi neno mpaka wapinzani waulize. Wakiuliza, umekwisha, na pigo lako linafutwa. Enos alimtazama mwamuzi. Mwamuzi alikuwa anakodolea mawingu kwa bidii isiyo ya kawaida.

Halloran, mpira aliorushiwa kutoka ukutani ukiwa mkononi, naye alikuwa ameiona bidii hiyo.

"Dogo," akasema polepole, "hivi pale cha kwanza ulikanyaga?"

"Kwa nini?"

"Nauliza tu."

Akibaki pale, Halloran angemuuliza mwamuzi. Akirudi akakigusa kituo cha kwanza kabla hajaguswa na mpira, angepoteza hatua moja lakini pigo lingebaki lake. Enos hakuhitaji vituo viwili. Alihitaji kimoja, halali.

Akageuka, akatoka mbio kinyume na dunia nzima.

"We! We Trumbauer!" Whitlow alipiga kelele, mikono juu. "Mbele ni huko ulikotoka! Rudi! Hapana, unarudi! Acha kurudi!"

Halloran aliinua mkono arushe mpira kituo cha kwanza, akakuta hakuna wa kumrushia. Mlinzi wa kwanza alikuwa ameenda kupiga soga na mrushaji. Nani angelinda kituo ambacho mkimbiaji amekwisha kukipita? Halloran akatukana, akamfukuza mwenyewe. Enos aliusikia mhemo wake kisogoni. Akajirusha kwa tumbo, akateleza, akakikumbatia kituo kwa mikono yote miwili kama ndugu aliyepotea. Mpira ukamgonga shingoni baadaye kidogo.

"Salama!" mwamuzi akapaza sauti, akaacha mawingu yapumzike.

Mpigaji aliyefuata akatolewa, mchezo ukaisha. Chumbani mwa kubadilishia nguo Tierney alisimama mbele ya Enos, mikono kiunoni.

"Nimeona wakimbiaji wa kila aina. Wa kukimbilia nyuma sijawahi. Nieleze."

"Upepo, Mzee."

"Upepo."

"Na pia nilidhani mpira umedakwa."

"Na nani? Na ukuta?"

Whitlow alikohoa. "Mzee, mimi nilikuwa palepale, ila nimeelewa sasa hivi. Kiatu chake kilipaa juu ya kituo kama njiwa."

Chumba kizima kilimgeukia Enos. Masikio yake yalikuwa mekundu.

"Pigo limeandikwa?" akauliza.

"Limeandikwa. Sema sasa."

"Sikukanyaga, Mzee," Enos akasema. "Nilikuwa nautazama mpira. Sijawahi kuupiga ukaenda mbali vile, nikataka nione utatua wapi."