Gogo la Bonde la Jangwani

Mwezi wa tatu Severa aliteleza kwenye ngazi za stoo yake Kariakoo, akiwa amebeba katoni ya sufuria, na mguu ukafungwa hogo la plasta kuanzia pajani mpaka kwenye kifundo. Duka akamwachia binti yake, Joyceline. Yeye akabaki nyumbani ukingoni mwa bonde la Jangwani, kwenye safu ya mwisho ya nyumba kabla ya matete.

Siku tatu za kwanza alishinda akinung'unika. Siku ya nne Joyceline akamletea kamera yake ya zamani, aliyokuwa akipigia harusi, yenye lenzi ndefu ya kuvuta vitu vya mbali.

"Piga hata ndege, mama. Utarukwa na akili bure."

Alianza kwa utani. Miaka kumi na tisa alikuwa akiliona bonde lile kama mahali pa mbu na takataka tu. Sasa, kupitia lenzi, akawaona yangeyange wakitembea kwa madaha katikati ya chupa za plastiki. Akamwona mdiria wa buluu akitua juu ya tairi, na kenge mnene kama paja la mtu akiota jua juu ya godoro lililoletwa na mafuriko. Ikifika saa moja asubuhi ameshakaa barazani, mguu juu ya stuli.

Chini ya baraza hiyo ndiko alikopita Mzee Hashimu kila siku na keni zake mbili za kumwagilia. Alilima mchicha na matembele bondeni tangu ujana wake, na maji aliyachota mtoni, mahali alipopanga mifuko ya mchanga iwe ngazi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mama Joyceline. Leo umemnasa nani?"

Kisha angeshuka akiimba, na Severa angemsikia mpaka sauti imezwe na honi za barabara kuu.

Mvua za mwezi wa nne zilipokolea, Severa akaona jambo. Ndege wote walikuwa wamehamia ng'ambo. Upande wa ngazi za Hashimu, palipokuwa na vijisamaki tele, hakutua hata mmoja. Kenge naye akaliacha godoro lake. Mbwa wa mtaani waliozoea kunywa maji pale wakawa wanasimama mbali, wanabweka, halafu wanaondoka na kiu yao.

Akazipitia picha za wiki ile kwenye kioo cha kamera. Ya Jumatatu ilikuwa na gogo jeusi upande wa baharini wa bomba kuu lililopita juu ya mto. Jumatano gogo lilikuwa usawa wa bomba. Ijumaa lilikuwa limelipita, upande yanakotokea maji, hatua chache kutoka kwenye ngazi za mchanga.

Alimwita Hashimu barazani akamwonyesha. Mzee akakunja uso, akaisogeza kamera machoni.

"Hili ni gogo, mama Joyceline. Mvua hizi zinaleta kila kitu. Mwaka juzi lilikuja friji."

"Gogo linapanda mto, mzee?"

"Bahari ikijaa, maji yanarudi nyuma. Mimi nimezaliwa hapa."

Severa alikuwa mzaliwa wa Marangu, mbali na bahari. Habari za maji kujaa na kupwa hakuzijua, akaona aibu kubishana. Hata hivyo jioni alimwambia Joyceline, na Joyceline akazipeleka picha kwa watu wa wanyamapori. Wakamjibu kwamba haionekani vizuri, awaletee picha iliyo wazi zaidi.

Ndiyo maana Jumapili asubuhi Severa alikuwa amekaa barazani akiisubiri picha iliyo wazi zaidi. Gogo lilikuwepo. Lenzi ilikuwa juu yake. Nzi akatua puani mwake, akamfukuza, na aliporudisha jicho akakuta maji matupu, yametulia, hayana hata kiwimbi.

Hashimu alikuwa anashuka ngazi.

"Mzee! Mzee Hashimuu!"

Malori yalikuwa yakinguruma barabarani. Hakugeuka. Severa akaipapasa simu mapajani, akapiga. Kwenye lenzi akamwona mzee ameinama na keni, akasita, akaiweka keni ya kulia chini, akapanda ngazi moja huku akifuta mkono kwenye shati ili atoe simu mfukoni.

Maji yakapasuka nyuma yake.

Taya liliikamata keni ya kushoto, ambayo bado alikuwa ameishika. Alivutwa akapiga magoti ndani ya maji, akaburuzwa, kisha mpini ukang'oka na yeye akabaki juu ya mifuko ya mchanga akilia kwa sauti ambayo Severa hakuwahi kumsikia mtu mzima akilia nayo. Keni ilienda, na vidole viwili pamoja nayo.

Watu wa wanyamapori walikuja na mtego na nyama ya mbuzi. Wakakaa siku tano, mamba asitokee, wakafungasha.

Juma lililofuata Hashimu alikuja barazani, mkono umefungwa bandeji. Akaketi bila kungoja kukaribishwa.

"Nionyeshe zote."

Severa alikuwa ameshazitazama peke yake na alikuwa akiiogopa siku hii. Akamwonyesha. Kuanzia wiki ya kwanza ya kamera, nyuma ya mdiria, nyuma ya yangeyange, kwenye ukungu wa lenzi, kulikuwa na vinundu viwili juu ya maji. Picha kumi na moja. Katika tisa kati ya hizo Hashimu mwenyewe alikuwepo, ameinama kwenye matuta yake, mgongo umeelekea mtoni.

"Ulikuwa unanipiga mimi?"

"Nilikuwa napiga ndege, mzee. Sikuwa naangalia nyuma yao. Nisamehe."

Hashimu akagusa kioo kwa kidole cha mkono mzima.

"Hapa nilikuwa naimba," alisema. "Nakumbuka wimbo wenyewe."

Bondeni maji yalikuwa yamepanda mpaka kwenye matuta, mchicha umezama nusu, na hakuna aliyekwenda kuuvuna.

"Leo yuko wapi?"

Severa akainua kamera, akapitisha lenzi polepole kutoka bombani mpaka kwenye matete yaliyo chini ya ukuta wa nyumba yake.

"Simwoni."

Hashimu akasimama, akakivuta kiti chake nyuma mpaka kikagusa mlango.