Kisima cha Umm Hashraj

Pigo la kwanza lilimpata Nimr mdomoni, kikombe cha kahawa kikiwa bado midomoni, na kikombe kikapasukia kwenye meno yake. La pili lilimwangusha chali katikati ya sahani za tende. Aliyempiga, mzee mrefu mwenye ndevu za hina, aliigeuza bunduki yake na kumshindilia kitako chake mbavuni. Wanaume waliokuwa wamezunguka moto waliruka kumwamulia, lakini vijana watatu wa yule mzee walikuwa wameshajipanga na bunduki zao, na ushujaa wa watu wa mtandaoni, jamani, huishia kwenye kibodi. Kila mtu akarudi akakaa.

Ulikuwa mkutano wa kila mwaka wa Jukwaa la Nafud, lililobeba jina la jangwa lenyewe, nje kidogo ya mji wa Hail. Mwaka mzima walijuana mtandaoni kwa majina ya kujipachika. Majira ya baridi walikutana jangwani waonane sura, wachinje kondoo na kulinganisha vifaa vyao vya setilaiti. Ramani ya maana ya jangwa lile dukani haikuwepo. Waliichora wenyewe kwenye kompyuta, nukta kwa nukta, kisima hapa, mti pale, mchanga unaomeza magurudumu kule, kisha wakatumiana kwa mtandao wa simu za waya uliokuwa ukilia kama paka aliyekanyagwa mkia.

"Unanijua?" mzee aliuliza.

Nimr alitema damu na kipande cha jino. "Wallahi sikujui, ami."

"Mimi Dahham, babake Sattam. Mwanangu alitoka kwenye joto la Septemba kutafuta ngamia waliopotea. Alibeba maji kidogo, kwa kuwa ramani yako ilimwambia mbele kuna kisima. Umm Hashraj. Gari likazama mchangani, akaenda kwa miguu. Tumemkuta pale pale penye nukta yako. Kisima hakuna. Kuna shimo la urefu wa mkono, alilichimba kwa vidole mpaka kucha zikang'oka. Tulimtoa kichwa kikiwa ndani ya shimo."

Ng'ambo ya moto alikaa Shayaa, mchora ramani mwingine wa jukwaa.

Kisima kile alikibuni yeye. Kwa miaka alikuwa akizunguka Nafud na gari lake, akiharibu mgongo na springi, akikusanya nukta moja moja, na kila alipoiweka ramani jukwaani, Nimr wa Buraida aliibadilisha rangi, akaitia jina lake na kuapa kwa Mungu kwamba ni jasho lake. Watu wakamshukuru Nimr. Wakamwita bingwa. Shayaa akafanya kile wachora ramani hufanya wakitaka kumnasa mwizi: akatia ndani ya ramani kitu kisichokuwepo. Mtego bila chambo haunasi. Akatafuta pahali patupu kuliko pote, ambapo aliamini hapiti hata mbweha, akabofya, akapaandika jina la kisima.

Wiki haikuisha, Umm Hashraj ikatokea kwenye ramani ya Nimr. Walipomuuliza, Nimr akaandika kwamba alisimama pale, akateka kwa mkono wake, akanywa. Maji baridi, yana kachumvi kidogo. Shayaa alicheka mpaka machozi yakamtoka. Akanyamaza makusudi. Alitaka kumuumbua hapa, mkutanoni, mbele ya wote. Siku za mwizi ni arobaini, naye alikuwa akizingoja kwa raha kama anayengoja harusi. Kuhusu mtu mwenye kiu, hakuwaza. Watu wa jukwaa hubeba maji ya akiba, na alidhani ramani husomwa na watu wa jukwaa tu.

"Uliandika uliyanywa," Dahham alisema, akimkanyaga Nimr kifuani. "Haya, nieleze. Yana ladha gani?"

"Nilidanganya! Sijawahi kufika! Ramani niliiba kwa Shayaa, yule pale, muulizeni!"

Nyuso zote zikamgeukia Shayaa.

"Mimi tena?" Shayaa alisema. Ulimi hauna mfupa, ukateleza wenyewe. "Umeapa miaka yote ni jasho lako, Nimr. Leo limekuwa langu?"

Wengine walicheka, wakajutia. Lakini walimwamini Shayaa. Njia ya mwongo ni fupi, na ya Nimr ilikuwa imefika ukingoni.

Vijana walimburuta kwa miguu hadi nyuma ya magari. Mmoja aliupinda mkono wake wa kulia juu ya bampa, akauegemea kwa uzito wote, na mfupa ukalia kama kuni kavu. Nimr alipiga yowe ambalo Shayaa hakujua kwamba mwanamume anaweza kulitoa. Wakampiga mateke usoni mpaka yowe likawa mkoromo. Dahham akaja polepole, akakoki bunduki, akamwekea mtutu nyuma ya sikio.

"Nina mabinti," Nimr alisema mchangani.

"Nami nilikuwa na mtoto wa kiume."

Shayaa angeweza kunyamaza. Hakumpenda Nimr hata wakati ule, na lisemwe wazi: sehemu ya moyo wake ilikuwa ikisubiri mlio. Lakini alikuwa akiangalia vidole vya Nimr vikikwaruza mchanga.

"Kisima ni changu," alisema.

Ndiyo maneno aliyokuwa ameyatunza kwa siku hiyo hiyo na kwa watu wale wale. Yalitoka kwa sauti ya mgonjwa.

"Sema tena," Dahham alisema.

"Nilikibuni. Nilitaka kumnasa huyu. Abu Sattam, sikujua..."

Kitako cha bunduki kilimpata tayani. Alisikia taya likihama. Kilimpata tena begani, tena gotini, na kila pigo Dahham alitoa sauti kama anayenyanyua gunia. Wazee wa mkutano walivua kamba nyeusi za vichwani mwao, wakazitupa miguuni pake kumwomba msamaha, kama ada inavyotaka. Dahham alizikanyaga. Naye Nimr, aliyetoka kuokolewa roho, alijikokota na mkono wake ukining'inia, akampiga Shayaa teke la tumbo.

"Mbwa wewe! Ulikuwa unaniacha nife!"

Dahham alimsukuma Nimr kando kama mbuzi. Akachuchumaa, mtutu kwenye paji la uso la Shayaa.

"Ramani hiyo wanayo watu wangapi?"

"Sijui. Mamia." Damu ilimkaba. "Wamenakiliana."

"Unaweza kukifuta kisima?"

"Kwangu, ndiyo. Kwao, siwezi."

 Mzee akaushusha mtutu, na hapakuwa na huruma yoyote usoni mwake.

"Mtieni garini."

Walimtupa nyuma ya pikapu, miguu imefungwa kwa kamba ya ngamia, na kila tuta walilovuka lilimgonga kwenye bodi. Jua lilikuwa utosini walipofika. Palikuwa patupu kama alivyopachagua. Shimo la Sattam lilikuwa limefukiwa nusu na upepo. Ukingoni bado ulionekana ukoko mweusi wa damu iliyokauka na mchanga.

Dahham alikata kamba, akamtupia sepetu.

"Chimba."

Shayaa alipiga magoti. Alichota, mchanga ukateremka palepale, akachota tena. Bega lilimchoma hadi akaona giza.

"Abu Sattam," alisema, taya likining'inia, "hapa hapana maji. Hata nikichimba mwaka mzima, hapana."

"Najua," Dahham alisema. "Mwanangu ndiye hakujua. Chimba."