Mabati ya Evariste

Mvua ilianza wakati vikapu vya sadaka vinapita. Pasta Alexis akapaza sauti, kwa kuwa kanisa lao la Rwambuzi lilikuwa limeezekwa juma lile na halikuwa na dari. Akapaza tena, halafu akanyamaza, maana mabati yalikuwa yameanza kuimba. Yaliimba besi, kwa sauti ya Evariste, mtunzi wa kwaya, aliyeuawa nyumbani kwake pamoja na mwanawe Héritier siku vita ilipoingia mtaani, mkewe na binti yao wakiwa kisimani. Ulikuwa wimbo aliokuwa akiutunga siku hiyo hiyo. Kwenye kiitikio mtoto akadakia, akikosea tuni kama kawaida yake, na Léonie, mjane wa Evariste, akamjua Héritier wake.

Hakuna aliyeshtuka. Mabati mazito ya Uganda hushika sauti za wenyewe, Bunia nzima inajua. Ni haya mepesi yanayosahau upesi. Vitu vingi vilikuwa vimehama nyumba bila wenyewe wakati ule. Kwa mtu mmoja, Kamate, kulikuwa na mlango ulioporwa Irumu, haufunguki mpaka uitwe kwa jina la mwenye nyumba wa zamani. Kamate aliuita tu, afanyeje?

Wimbo ulikatika katikati ya ubeti. Kisha Evariste akasema kutoka juu: "Félicien, ndugu yangu, acha kwanza mutoto atoke."

Félicien alikuwa mzee wa kanisa. Ndiye aliyeyatoa mabati yale kuwa sadaka, na ndiye aliyeongoza sala ya mazishi ya hao wawili. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Mvua ikapungua.

Baada ya ibada Léonie alimfuata pasta, amemshika mkono binti yake Ketsia, ambaye hakuacha kukohoa tangu wahamie chini ya turubai kambini, karibu na uwanja wa ndege. Alitaka jambo moja tu: paa lake, kabla mvua kubwa hazijamchukua na huyu aliyebaki.

"Pasta, ile mabati ni ya kwangu. Umesikia."

"Nimesikia, Mama Ketsia. Siye wote tumesikia."

"Basi munirudishie."

"Ilishatolewa kwa Mungu, mama. Kitu ya Mungu hairudi nyuma."

Félicien akasogea, mpole kama siku zote. "Mama, ile ilikuwa vita."

"Evariste hakuita vita. Aliita weye."

"Tusameheane. Siye wote tuko bakristo," alisema Félicien, na kesho yake akampelekea unga wa muhogo. Léonie aliupokea. Alikuwa na hasira, lakini hasira haisongwi ikawa ugali, na mtoto alikuwa na njaa.

La kuvunda halina ubani, husema watu, lakini hao hawajakutana na Camille, mwalimu wa kwaya. Waimbaji wake wa besi walikuwa wamekimbia au wamekufa, na sasa amepata besi isiyochelewa mazoezi, ilimradi mvua inyeshe. Alimwomba Léonie ruhusa kwa heshima zote, akauliza wimbo ulikuwa uishe vipi.

"Sijui. Hakupewa nafasi."

Basi Camille aliumalizia kwa ngoma. Pale Evariste anapokatika, ngoma zote zilipigwa kwa nguvu mpaka jina lipite. Wimbo ukapendwa kupita kiasi. Hata wachimba dhahabu Waislamu kutoka Bambu walisimama madirishani, kofia zimelowa, wakilia waziwazi. Pasta alihubiri juu ya haki, na alihubiri vizuri.

Siku za mawingu Léonie alifika wa kwanza, akaketi chini ya bati la Héritier. Ngoma zilipoanza alisimama, akaita kwa pumzi zake zote: "Félicien!"

"Amina," waliitikia watu, kwa mazoea. Félicien naye aliitikia.

Jioni moja mvua iliwakuta mama na binti wamekwisha kurudi kambini. Ketsia alijilaza, akayasikiliza matone juu ya turubai.

"Mama, ya kwetu iko inasema nini?"

"Haisemi kitu. Haijatujua bado."

Mtoto akakohoa. Léonie akasogeza sufuria pale panapovuja.