Mchoraji Kutoka Changamwe

Ni samaki aliyemtia Priscah wasiwasi.

Gaspar Ntirampeba alikuwa ameikunjua ramani juu ya meza ya sebuleni, pembe zake akazikandamiza kwa vikombe vya chai, na sasa alikuwa akieleza kwa nini jiko aliliweka mbali na vyumba vya kulala.

"Alexander hapendi harufu ya samaki wa kukaanga imfuate kitandani," alisema huku akicheka. "Shemeji, utamsikia akinung'unika mpaka asubuhi."

Priscah hakucheka. Tangu aolewe hakuwahi kukaanga samaki. Huku juu ya Kapkatet, watu wa rika lake walikula ugali kwa mboga na mursik, maziwa yao ya kugandisha, na nyama ikipatikana. Waliona samaki sokoni tu, mbele ya akina mama waliotoka upande wa ziwa. Basi ni nani aliyemkaangia mume wake?

Alimtazama Alexander. Alexander alikuwa akitazama nje ya dirisha, kwenye shamba lake la chai, kana kwamba hakusikia.

Alikuwa amestaafu mwaka huo, 1996, baada ya kufanya kazi bandarini Mombasa karibu maisha yake yote ya utu uzima. Miaka hiyo yote Priscah alimwona wakati wa likizo. Yeye ndiye aliyepanda chai, akakama ng'ombe, akasomesha watoto. Alexander aliporudi kabisa alisema watajenga nyumba ya mawe, na mtu wa kuichora ni mmoja tu, rafiki yake Gaspar, aliyechora nyumba nyingi za matajiri kule Nyali. Gaspar alitoka Burundi. Alikuwa mwanafunzi wa ujenzi Kinshasa nchi yake ilipoharibika, akashindwa kurudi, akahangaika hadi akafika pwani ya Kenya. Hayo ndiyo pekee Priscah aliyoambiwa.

Kuanzia siku ile ya samaki alianza kumchunguza. Mgeni alijua kwamba goti la kushoto la Alexander humsumbua wakati wa baridi, kwa hiyo hakuweka ngazi popote. Alijua Alexander hulala upande wa ukutani. Aliposimama shambani na utepe wake wa kupimia, Alexander alimshikia ncha ya pili na wakazungumza kwa sauti ya chini. Priscah alipotokea na birika, walinyamaza.

"Mtu anayechorea wanaume nyumba Mombasa anajua siri zao zote," Caren, binti yake mkubwa, alimwambia walipokuwa wakichuma chai. "Labda si mara ya kwanza kumchorea Baba."

Wazo hilo Priscah alikuwa nalo tayari. Kulikuwa na nyumba nyingine. Ndani yake kulikuwa na mwanamke anayejua kukaanga samaki, na pengine watoto. Huyu mgeni alizijua nyumba zote mbili, na alikuwa akikaa mezani pake na kumwita shemeji.

Majirani nao walikuwa na mashaka yao. Tangu vita vya makabila vya mwaka tisini na mbili, mtu yeyote aliyepita mashambani akipima ardhi aliangaliwa kwa jicho kali. Wengine walisema Gaspar ametumwa na watu wanaotaka mashamba. Hata Kiswahili chake kiliwatia shaka. Kilikuwa laini mno, cha watu wa pwani, na yeye hakuwa wa pwani.

Siku moja Priscah alimkuta peke yake, akichimba shimo dogo ili aone udongo.

"Ulimchorea Alexander nyumba gani kule Mombasa?"

Gaspar alijinyoosha, akapangusa mikono kwenye suruali. "Sikumchorea nyumba, shemeji."

"Nani alikuwa anampikia?"

Alichelewa kujibu, na Priscah akauona ule uchelewaji.

"Mambo ya Alexander muulize Alexander," alisema mwishowe. "Mimi nina swali langu. Nimeuliza mara nyingi unataka nini katika nyumba hii, nawe hujaniambia."

"Sitaki kitu," alisema Priscah, akaondoka.

Jioni alimuuliza mumewe. Alexander alisema kule watu walipikiana tu, wanaume wa kazini. Kisha akakasirika na kwenda kuangalia ng'ombe ambao walikuwa wamekwisha kufungiwa.

Ndipo Priscah alipokwenda kwa kaka yake, Kipruto, ambaye alikuwa naibu wa chifu.

"Muulize huyo mtu yeye ni nani," alimwambia. "Mtishe kidogo. Akiogopa atasema."

"Amefanya nini?"

"Sijui. Hiyo ndiyo nataka kujua."

Kipruto alifika na askari wawili wa utawala wakati wa chai ya saa nne. Aliomba kitambulisho kwa upole, kama mtu anayeomba chumvi. Gaspar aliingiza mkono katika mkoba wake akatoa karatasi iliyochakaa kwenye mikunjo. Kibali chake cha kukaa nchini kilikuwa kimekwisha muda miaka mingi iliyopita. Kipruto alimtazama dada yake. Priscah aliona kwamba kaka yake mwenyewe hakutarajia hayo, na kwamba mbele ya wale askari hakuweza tena kurudi nyuma.

Walipoondoka naye, ramani ilibaki mezani. Alexander alimgeukia Priscah.

"Ni wewe," alisema.

"Ni mimi. Sasa niambie huyo mwanamke ni nani."

"Mwanamke gani?"

"Wa samaki."

Alexander alimwangalia kama mtu aliyezungumziwa kwa lugha asiyoijua. Kisha akafunika uso kwa viganja.

"Gaspar ndiye alikuwa anakaanga," alisema. "Kwao ni ziwani. Tuliishi chumba kimoja Changamwe. Nilimpata analala nje ya kanisa, hana kitu. Nikamwambia aje siku chache, akakaa miaka. Alipata kazi kwa msanifu mmoja mjini. Alichora nyumba, yule mwingine akaweka sahihi yake, kwa sababu Gaspar hakuwa na karatasi halali. Nyumba zote hizo za Nyali, hakuna hata moja yenye jina lake."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Kumficha mtu kama yule ni makosa. Usichokijua huwezi kuulizwa. Na kaka yako alikuwa ameanza kazi ya serikali."

Priscah alikumbuka barua zake. Miaka ile alimwandikia mara kwa mara kwamba anataka kwenda Mombasa na watoto, wakae pamoja hata kama ni chumba kimoja. Kila mara Alexander alijibu kwamba hakuna nafasi.

"Nafasi yangu ulimpa yeye," alisema.

Alexander aliikunja ramani.

Kesho yake Priscah alipeleka chakula kituoni. Walimruhusu kuzungumza na Gaspar kwenye benchi, askari akiwa kando. Ndevu zilikuwa zimeanza kumwota, naye alionekana mzee kuliko alivyokuwa shambani.

"Mimi ndiye niliyemtuma Kipruto," Priscah alisema.

"Nilijua, shemeji."

"Ulijua pia kwamba nilitaka kuja Mombasa?"

"Nilijua. Mara moja nilifunga virago ili uje. Alexander akanizuia mlangoni." Alikitazama chakula bila kukigusa. "Ningekuwa na moyo, ningetoka hata hivyo. Lakini nje kulikuwa na polisi, na mimi niliogopa."

Kisha Gaspar akauliza tena, kwa sauti ile ile ya mezani, anataka nini katika nyumba yake.

"Chumba changu," alisema Priscah. "Cha kufungwa kwa ndani. Alexander akitaka kuingia abishe hodi."

Gaspar aliitikia kwa kichwa polepole. Kwa kidole alichora juu ya ubao wa benchi. Kile chumba cha upande wa mashariki, alisema, fundi akisogeze kuelekea mche wa mwisho wa chai, kipate jua la asubuhi, na mlango wake uelekee bustanini.

Juma lililofuata walimpeleka Nairobi, na kutoka Nairobi akapelekwa kambi ya wakimbizi ya Kakuma, kule Turkana. Priscah alimsumbua Kipruto mpaka akawa anajificha akimwona. Kipruto alipiga simu, akasafiri kwenda mkoani, akaambiwa sheria ni sheria. Baada ya zaidi ya mwaka habari zikaja kwa barua kwamba kanisa moja limempa Gaspar kazi, anawachorea madarasa, na huko michoro yake anaitia sahihi mwenyewe. Alexander alizisoma habari hizo kwa sauti, akazirudia, kisha akatoka nje.

Nyumba ilikwisha. Priscah alihamia chumba cha mashariki. Kuna siku Alexander alibisha hodi na akafunguliwa, na kuna siku alibisha akarudi zake.

Mwaka 1998 Priscah alimwambia Alexander ampeleke Mombasa. Walisimama kwenye barabara moja ya Nyali, mbele ya geti jeusi, na Alexander akamwonyesha kwa mkono baraza pana na kuta nyeupe zenye matundu ya kupitisha upepo. Priscah aliiangalia nyumba hiyo ya Gaspar mpaka mlinzi akatoka.

"Mnatafuta nani?"

"Hakuna," alisema Alexander. "Tunaangalia tu."

"Mnaangalia nini kwenye nyumba ya watu?"

"Aliyeichora tunamjua," alisema Priscah.

Mlinzi aliwapima kwa macho, kuanzia kitambaa cha kichwani cha Priscah hadi viatu vya Alexander. Akasema kila mtu anamjua aliyeichora, jina lake liko pale ukutani, na akawaomba wasogee kabla mwenyewe hajarudi. Priscah alilisoma lile jina kwenye kibao cha shaba.

"Si huyo," alisema, lakini mlinzi alikuwa akifunga geti.

Walitembea hadi kwenye kivuli. Jasho lilimtoka Alexander, na goti lilikuwa likimuuma.

"Sasa nipeleke Changamwe," alisema Priscah. "Nione kile chumba."

"Kilibomolewa."

"Lini?"

"Zamani."

Alimtazama. Uso wa Alexander ulikuwa umetulia, na uso wake uliotulia Priscah hakuwahi kuuelewa; hakujua kama chumba kilibomolewa kweli.

"Twende tu," alisema. "Utanionyesha mahali kilipokuwa."