Mshipi wa Aliyezaa

Likizo ile ya Aprili 1992 Rodah hakuchuma hata jani moja la chai. Nani angechuma chai huku nyumba zikiungua ng'ambo ya mto? Wazimu wa siasa ulikuwa umewaingia wanaume, na majirani waliokula nao Krismasi sasa wakaitwa maadui. Hata kaka yake Kiplimo, aliyeogopa kuchinja kuku, alitembea na upinde begani akijiona dume.

Mchana mmoja Rodah alimsikia akisema nyuma ya zizi kwamba wakishakula wanavuka mto kwenda kwa Obiero. Obiero alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha chai, mtu wa kutoka ziwani, na binti yake Molly alikaa dawati moja na Rodah tangu darasa la kwanza. Familia nzima ilikuwa imejifungia ndani ikingoja lori la kanisa liwahamishe. Lori lilikuwa halijafika.

Rodah akamkimbilia mama yake jikoni. "Mama, weka mshipi njiani. Wakiuona hawatavuka."

Kila mtu pale aliujua ule mshipi wa ngozi na kauri anaofungwa mwanamke akishazaa. Akiulaza njiani, hakuna mwanamume anayeuruka kwenda kupigana. Atakayeuruka amejilaani, yeye na uzao wake.

"Mimi niliokoka, Rodah. Yangu nilichoma," mama akasema bila kumtazama. "Na wakisema Kiplimo ni msaliti, nitafanya nini?"

Wokovu ni jambo jema, lakini siku ile ilikuwa woga tu. Rodah akauchukua mshipi wa marehemu bibi yake uliotundikwa darini, akakata katikati ya michai mpaka kwenye daraja la magogo, akaulaza pale. Akasimama kando yake, akangoja.

Wakaja. Mzee Kipkosgei, aliyewaongoza, akauona akasimama, na wote nyuma yake wakasimama.

"Nani ameweka hii kitu?"

"Ni mimi, mzee."

Kiplimo akacheka. "Huyu ni dada yangu, msichana wa shule! Mshipi ni ya mwanamke amezaa. Hiyo ni ngozi tu. Tupite!"

Alisema kweli. Kwa haraka yake Rodah hakuwa amelifikiria hilo, na sasa aliona mguu wa kaka yake ukiinuka.

"Niko na mimba," akasema.

Ulikuwa uongo mtupu. Hakuna mvulana aliyewahi hata kumshika mkono.

"Ya nani?" Kiplimo akauliza.

"Ni yangu."

Mzee Kipkosgei aliutazama mshipi kwa muda mrefu. "Mwenye mimba ni mama," akasema mwishowe. "Mimi niko na watoto nyumbani. Sivuki." Akageuka, nao wakamfuata mmoja mmoja, wakimkwepa Rodah kama mwenye ukoma. Kiplimo alibaki nyuma kidogo, akatema mate mbele ya miguu yake.

"Nikijua ni uongo, tunarudi leo leo."

Habari zilimtangulia nyumbani. Alimkuta mama yake amesimama katikati ya jikoni, Biblia mkononi, macho mekundu.

"Rodah, niambie ni uongo. Shule watakufukuza. Kanisani nitaketi wapi mimi? Weka mkono hapa uniambie."

Hapo moyo ulimpasuka. Alitamani kumkumbatia mama yake na kumwambia kila kitu, amlilie kama mtoto. Lakini dirishani aliona bega la Kiplimo na ncha ya upinde wake. Alikuwa amejibanza ukutani, anasikiliza. Ng'ambo ya mto mlango wa Obiero ungali umefungwa, na barabarani hakukuwa na gari lolote.

Rodah akaweka mkono juu ya Biblia.

"Ni kweli, mama," akasema, kwa sauti ya kumfikia aliye nje.

Mama yake akaketi sakafuni, akaanza kulia.