Mfuko wa Mwisho wa Dongchimi

Mama Yonsu aligoma kula, na aligoma bila kelele. Akiletewa trei alifunua kifuniko, akachungulia uji mweupe na karoti zilizochemshwa mpaka zikakosa rangi, kisha akakirudisha kifuniko taratibu, kama mtu aliyefungua mlango wa choo akakuta kuna mtu ndani.

"Mpelekeeni asiye na meno," alimwambia nesi. Yeye meno yake yote alikuwa nayo.

Yonsu, bintiye mkubwa, alikuwa akimtazama kupitia kioo. Hakuna aliyeruhusiwa kuingia chumba kile bila kuvaa kama anakwenda mwezini, maana ugonjwa ulikuwa umeimaliza kinga yote katika damu ya mama. Kidudu kinachoishi juu ya jani la kabichi, ambacho mimi na wewe tunakimeza kila siku bila habari, kingeweza kumuua. Kwa hiyo kila alicholetewa kilipikwa kikaiva kupita kiasi, na chochote kilichopikwa namna hiyo yeye hakukitaka. Daktari alikuwa amesema wazi: asipokula, mwili hautaweza kupokea dawa ya awamu ya pili. Yonsu alimuuliza, na asipopokea dawa hiyo? Daktari akatazama viatu vyake.

Ndipo mama alipoinua mkonga wa simu ya ukutani, ile ya kuzungumzia na watu wa nje ya kioo.

"Nataka dongchimi yangu," alisema. "Ile ya mtungi wa uani. Wala siulizii figili, nataka maji yake tu. Nikipata vijiko viwili vya maji yale, nitakula hata huo uji wenu wa gundi."

Huko kwao Naju, mji wa Korea, kila nyumba ina dongchimi yake. Ni figili nyeupe ndani ya maji ya chumvi, pamoja na tangawizi na kitunguu saumu, zimefukiwa na mtungi wake ardhini tangu baridi inapoanza. Maji yake huwa makali, yanasisimua ulimi, na hayajawahi kuona moto. Ya dukani ipo, lakini kumpa mama Yonsu dongchimi ya dukani ni kumtukana mbele ya wagonjwa. Aliyoitaka ni ile aliyoitengeneza kwa mikono yake kabla hajaanguka, na ilikuwa imebaki kidogo tu chini ya mtungi.

Daktari alikubali kwa sharti moja. Kulikuwa na kiwanda cha juisi nje ya mji chenye mashine ya shinikizo: chakula hufungwa kwenye mfuko, mfuko hutumbukizwa ndani ya maji, na maji hayo hugandamizwa kwa nguvu inayozidi uzito wa bahari yote pale kwenye kina kirefu kuliko vyote. Vidudu hufa bila moto, na ladha hubaki ilivyokuwa. "Lakini mfuko utoke mzima," daktari alisema. "Usiwe na tundu wala ufa. Wewe unajua mambo ya mifuko kuliko mimi."

Ni kweli, alijua. Kazi ya Yonsu ilikuwa kutengeneza mifuko ya vyakula inayooza, iliyotokana na mahindi, ambayo ukiifukia udongoni inageuka udongo. Mama yake alikuwa akimcheka miaka yote. "Watoto wa wenzangu wanatengeneza vitu vya kudumu. Wangu mimi anatengeneza vya kuoza!" Kisha anawaambia majirani hayo hayo, ila kwa majivuno.

Sasa hapa ndipo mtu hutamani kumshika Yonsu mabega na kumtikisa. Kule kiwandani rafu zilijaa mifuko minene ya plastiki, ile isiyo na ubishi. Fundi Mo, mwendesha mashine, rafiki yake wa siku nyingi, alimwambia achukue atakayo. Akakataa. Mifuko yake alishaijaribu kwenye mashine ile ile, ikiwa imejazwa maji matupu, ikatoka salama. Alitaka mama anywe kutoka kwenye mfuko wa mwanawe, aushike, aseme lolote la kukebehi. Ndiyo hayo tu aliyoyataka, na aliyataka sana.

Walijaza asubuhi pale uani, yeye na mdogo wake Giho, theluji ikiwafika vifundoni. Giho alikuwa dereva wa lori, mtu wa maneno mengi, lakini siku ile alikaa kimya akishika midomo ya mifuko huku dada yake akichota. Kuna jambo ambalo mtoto wa Naju hafundishwi, anazaliwa nalo: chombo cha kimchi hakijazwi mpaka juu. Kimchi, yaani mboga za kuchachusha kama hiyo dongchimi, ni kitu hai, inatutumka, na ukiibana itakulipukia usoni. Basi mkono wa Yonsu, bila kumuuliza mwenyewe, uliacha nafasi ya hewa katika kila mfuko kabla ya kuuziba. Isipokuwa ule wa mwisho. Pale mifuko mingine ilikuwa imekwisha na maji bado yapo, na hakutaka kumwaga hata tone, akaujaza ukajaa hadi kwenye mshono, mtungi ukabaki mtupu.

Kiwandani Fundi Mo aliipokea mifuko kwa mikono miwili kana kwamba amekabidhiwa mtoto. Mashine ikafungwa, ikanguruma, ikanyamaza, ikafunguliwa. Yeye ndiye aliyechungulia kwanza ndani ya kapu la mashine.

"Vipi?" Yonsu aliuliza.

"Njoo uone mwenyewe, Bi Yonsu."

Mifuko ile, iliyoingia laini na angavu, ilikuwa imetoka myeupe kama maziwa, migumu, imejaa malengelenge kama ngozi iliyomwagikiwa maji ya moto. Mahali pengine matabaka yake yalikuwa yameachana. Yonsu aliuinua mmoja, na maji yakamchuruzikia kwenye mkono wa koti.

"Si uliijaribu?" Giho alisema. "Dada, si ulisema uliijaribu?"

"Niliijaribu na maji. Bila hewa."

"Hewa gani?"

Fundi Mo ndiye aliyejibu, kwa sauti ya chini. "Hewa ikibanwa hivyo haina pa kwenda, inajipenyeza ndani ya mfuko wenyewe. Ukiachia shinikizo inataka kutoka yote kwa mpigo. Plastiki nene huvumilia. Hii ya mahindi haivumilii."

Yonsu alikuwa akiyajua hayo, na alikuwa ameyafundisha darasani kwa ubao na chaki. Mganga hajigangi. Alikaa chini juu ya kreti la juisi, akasema, "Nimemuua mama yangu kwa mkono wangu mwenyewe," na akamaanisha.

"Hatukosi la kufanya," Giho alisema. "Tumimine kwenye plastiki, fundi apitishe tena. Vidudu si vitakufa tu?"

"Vidudu vitakufa," Fundi Mo alisema. "Lakini maji ya mashine yana dawa ya kuzuia kutu, na yameshaingia humo. Hiyo huwezi kuiua. Mimi mwenyewe nisingekunywa, sembuse mgonjwa."

Wakaitoa mifuko mmoja mmoja, na yote ilikuwa msiba mmoja. Mpaka walipofika chini ya kapu.

Ule wa mwisho ulikuwa umepoteza mng'ao, ndiyo, na ulilia kama jani kavu ulipoguswa. Lakini haukuwa na lengelenge hata moja. Ulikuwa umevimba vizuri, umejaa, na kipande cha figili kilielea ndani yake kana kwamba hakina habari na lililotokea.

"Huu!" Giho alisema, na sauti ikamkatika. "Dada, huu hapa! Huu ni mzima!"

"Siwezi kujua kwa macho."

"Mimi najua kwa macho. Twende!"

"Giho, ukiwa na tundu moja la sindano, tunampelekea sumu. Acha niupime."

Kipimo chake kilikuwa rahisi. Karai la maji yenye rangi nzito ya buluu, mfuko unazamishwa humo, unabanwa kwa viganja na kuachiwa. Kama kuna tundu au ufa, buluu huingia, na katika maji meupe ya dongchimi hata tone lingeonekana. Kama ni mzima, unasuuzwa na kazi imekwisha. Fundi Mo alileta karai. Yonsu aliuzamisha, akaubana na kuuachia, akahesabu kimoyomoyo, akautoa, akausuuza bombani na kuuinua kwenye mwanga wa dirisha.

Maji ya mama yake yalikuwa safi, hayakuwa na hata unyuzi wa buluu.

Giho alimkumbatia Fundi Mo, mtu ambaye hawakuwahi hata kunywa pamoja. Yonsu naye alicheka, machozi yanamtoka, akasema, "Umeshikilia. Wallahi umeshikilia!" Kwa dakika ile alikuwa na vyote viwili, mfuko na mama, na labda furaha ikizidi namna hiyo mtu huogopa. Akautazama tena. Pembeni mwa mshono kulikuwa na wingu jeupe, dogo, si kubwa kuliko ukucha.

"Mara moja tu," alisema.

"Mara moja tu nini?"

"Niurudie. Pale kwenye kona."

"Dada, umeshaona mwenyewe! Hakuna kilichoingia! Mama hajala, wewe unataka kucheza na karai?"

"Ni mama yangu, Giho. Sitaki kubahatisha."

"Ni mama yangu pia," Giho alisema. Lakini yeye alikuwa mdogo, na kwao mdogo hamnyang'anyi mkubwa kitu mkononi.

Akauzamisha tena, na safari hii akaukunja kidogo ile kona ili rangi ifike vizuri. Mfuko uliotoka kwenye shinikizo lile haukutaka kukunjwa. Waliusikia wote watatu: mlio mdogo, mkavu, wa kitu kinachovunjika. Yonsu hakuthubutu kuutoa majini. Fundi Mo ndiye aliyeuinua, na ndani yake figili ilikuwa imeshaanza kugeuka buluu.

Giho alitoka nje, akaingia kwenye lori, na walimwona kupitia dirisha amelaza paji la uso juu ya usukani.

Alasiri Yonsu alisimama tena mbele ya kioo. Mama alikuwa amejikokota akakaa kitako, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu wiki iliyotangulia, na amechana nywele. Akauinua mkonga haraka.

"Umeniletea?"

"Sijaleta, mama."

"Mifuko yako imeoza kabla ya wakati?" Alikuwa bado anatania, jicho likitafuta mkoba wa binti yake.

"Imevuja. Niliacha hewa ndani, nikaiharibu."

"Yote?"

Angeweza kusema yote. Lilikuwa neno dogo, na lingewapumzisha wote wawili. Lakini hakuwahi kumdanganya mama yake akafanikiwa.

"Mmoja ulitoka mzima. Nikaupima, haukuwa na tundu. Halafu nikaupima tena, ukanipasukia mkononi."

Mama aliusogeza mkonga karibu zaidi. Midomo yake ilikuwa imekauka na kupasuka.

"Ulipoupima mara ya kwanza, ulikuwa mzima?"

"Ulikuwa mzima, mama."

"Basi si ungeniletea?"

Hakusema kwa hasira. Aliuliza tu, kama mtoto aliyeahidiwa kitu na anataka kujua kilipotelea wapi. Mama aliutazama mkoba wa binti yake mara ya mwisho. Kisha akaulaza mkonga juu ya blanketi bila kukata simu, akageukia ukutani, na Yonsu akabaki upande wa pili akisikiliza pumzi zake.